Kabla ya Kumwaga Trauti Nou

Wazo la kupandikiza trauti kwenye vijito vya msitu wa Nou, Mbulu, halifi. Leo linaletwa na mwenye nyumba ya wageni, kesho na mtu aliyerudi ziara ya mafunzo Kenya akiwa na picha za wageni waliosimama mtoni Aberdare, maji magotini, wakirusha mishipi. Hoja ni ileile: Mbulu kuna baridi, kuna maji yanayotembea, na watalii wanapita Karatu kila siku kwenda Ngorongoro, wachache tu wakikata kushoto kuja huku, biashara ipo. Halafu wasikilizaji hugawanyika. Wapo wanaotaka bwawa la mtu binafsi, lenye uzio, geti na ada ya siku. Wapo wanaosema kuvua humo ni kuokota samaki kwenye beseni, heri mto wa porini ulio wazi kwa kila mwenye leseni.

Pande zote mbili, kwa maoni yangu, zimeanza katikati. Zinagombania nani avue na kwa shilingi ngapi, kabla ya kuuliza kama samaki mwenyewe anaweza kuishi na kuzaa hapo bila kuletewa ndugu zake kwenye tangi la gari kila msimu. Swali hilo ndilo linalotenganisha maji na maji. Ukilijibu, mengi ya yale mengine yanajijibu.

Tuanze na neno "porini". Afrika Mashariki haina trauti wa asili hata mmoja. Waliopo mito ya Kenya ni uzao wa wageni. Mlowezi Ewart Grogan ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza, mwaka 1905, alipoleta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Uskoti na kuyaweka mto Gura, Aberdare. Miaka michache baadaye, 1910, wakafuata trauti wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini, ambao nao asili yao ni mito ya magharibi ya Amerika Kaskazini, upande wa Pasifiki. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ikajenga kituo cha kutotolesha vifaranga Kiganjo, karibu na Nyeri, na kwa miaka mingi ndoo za kituo hicho ndizo zilizojaza mito ya Mlima Kenya na Aberdare. Tanganyika nayo ilipata sehemu yake kwenye miinuko ya kaskazini na Nyanda za Juu Kusini. Hadi leo mgeni anaweza kwenda Mufindi na kurusha inzi bandia kwenye maji yaliyozungukwa na chai. Kwa hiyo mto wa trauti unaoitwa wa porini, huku kwetu, ni mto uliomwagiwa samaki zamani kiasi kwamba watu wamesahau ndoo.

Sisemi hivyo kwa dharau. Baadhi ya ndoo hizo zilizaa kweli, na hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo.

Trauti jike akitaka kutaga hupanda mto hadi apate changarawe safi yenye maji yanayopita kwa kasi. Hulala ubavu, akapiga mkia mara nyingi mpaka changarawe inachimbika shimo, akataga, dume akarutubisha, kisha akasogea juu kidogo na kuchimba tena ili kokoto za shimo la pili zifunike mayai ya kwanza. Mayai yanabaki gizani chini ya mawe. Kwa maji ya nyuzi 10 za Selsiasi huchukua karibu mwezi mmoja kuanguliwa, na vifaranga hukaa humohumo wiki kadhaa zaidi wakila kiini walichozaliwa nacho. Muda wote huo maji lazima yapenye katikati ya kokoto, yakiwabebea hewa. Tope kidogo tu likiziba nafasi hizo, kizazi kizima kinakufa bila mtu kuona samaki hata mmoja akielea. Ndiyo maana kwenye mito ya trauti kivuko cha ng'ombe juu ya mazalio kinaweza kuua kuliko ndoano za msimu mzima.

Bwawa la mtu binafsi halina changarawe hiyo, isipokuwa kama kijito kizuri kinaingia ndani yake. Trauti wa bwawani hukua, hunenepa, hujaa mayai, kisha hana pa kuyaweka. Mwenye bwawa anabaki mteja wa kituo cha vifaranga maisha yake yote. Si kosa. Ni aina ya biashara, na ina hesabu zake, ila asiuziwe kama mto.

Mvuvi mzoefu hutambua tofauti mara tu samaki anapofika mkononi. Wa kufugwa mapezi yake ya kifuani mara nyingi yamelika kwa kusuguana na saruji na wenzake, na mkia ni butu. Tabia pia inamsaliti: amekulia chini ya mkono unaotupa chakula, kwa hiyo akisikia vishindo ukingoni anasogea. Wa mtoni akiona kivuli anatoweka chini ya jiwe, na hatoki mpaka umesahau kilichokuleta. Huyo ndiye anayemlazimisha mtu ajifunze: asimame chini ya samaki kwa kuwa samaki ameelekeza kichwa kule maji yanakotoka, ageuze jiwe aone wadudu gani wameng'ang'ania chini yake, na wana ukubwa gani, afunge inzi anayefanana nao kwa manyoya na uzi, kisha aangushe mshipi ili inzi ateremke na maji bila kuvutwa hata kidogo, maana mdudu halisi haogelei kwa kukata mkondo. Mimi binafsi, trauti wa kiganja kimoja kutoka kijito cha namna hiyo namthamini kuliko wa kilo tatu wa bwawani. Lakini ladha yangu si sera ya wilaya.

Wamarekani walilijaribu jambo hili kwa vipimo. Huko Montana, mwanabiolojia Dick Vincent alilinganisha sehemu za mto Madison zilizomwagiwa samaki wa kituoni na zile zilizoachwa, akaona kwamba kumwaga kulipositishwa trauti waliozaliwa mtoni waliongezeka. Wa kituoni walikuwa wakiwavuruga wenyeji, kisha nao wanakufa. Mwaka 1974 jimbo likaacha kumwaga trauti kwenye mito yenye samaki wanaozaa, wavuvi na wenye maduka wakapiga kelele sana, na leo Montana ni kati ya maeneo yanayotafutwa zaidi duniani kwa uvuvi huo. Uingereza wamekwenda njia nyingine. Kwenye mito kama Test, kule Hampshire, haki ya kuvua inakwenda na umiliki wa ukingo. Siku moja ya kuvua inaweza kugharimu mamia ya pauni, na samaki wengi wamemwagwa. Hata hivyo tangu 2015 trauti wa kahawia wanaomwagwa mitoni kule wanatakiwa, kwa kawaida, kuwa tasa, wasije wakachanganya damu na wachache wa asili waliobaki.

Sasa tushuke mkoani kwetu Manyara na kipimajoto mkononi.

Trauti anastawi kwenye maji ya nyuzi 10 hadi 16. Yakipita 20 anaacha kula vizuri, na mvuvi mwenye adabu anakunja mshipi, kwa kuwa samaki atakayeachiwa katika joto hilo anaweza kwenda kufa kwenye kona asiyoiona. Yakikaribia 25 anakufa. Watu husikia baridi ya Mbulu ya Julai wakadhani kazi imekwisha. Lakini maji hayana Julai peke yake. Chemchemi huwa na joto lililo karibu na wastani wa hewa ya mwaka mzima mahali inapochimbuka, na kwenye uwanda wa Mbulu wastani huo uko juu ya kiwango anachokipenda trauti. Unahitaji kupanda kuelekea Kainam na ndani ya Nou, zaidi ya meta 2,000, ili kupata maji yanayokubalika, tena yakiwa chini ya kivuli. Kijito kikitoka msituni na kupita shamba lililo wazi, jua la mchana kati ya Oktoba na Februari linakipandisha haraka.

Kuna pia jambo ambalo wapendekezaji hawalisemi: mwinuko unaotoa baridi unachukua hewa. Maji ya nyuzi 20 usawa wa bahari hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yapeleke meta 2,000, hayohayo, yanabeba 7 na kidogo. Trauti anataka walau kiasi hicho ili astawi. Mlima Kenya unafidia kwa kuwa na kimo cha meta 5,199, nyanda za majani zenye ukungu zinazodondosha maji mwaka mzima, na misimu miwili ya mvua. Sisi tuna msimu mmoja hasa, Novemba hadi Mei, halafu kiangazi kirefu ambapo vijito vingi vinabaki uzi.

Mlima Hanang ndio hudanganya macho zaidi. Una zaidi ya meta 3,400, kilele kimefunikwa na mawingu nusu ya asubuhi, mtu wa Katesh, mji ulio chini yake, anautazama na kufikiria mito. Lakini ni volkano. Maji mengi yanazama kwenye majivu na nyufa na kutokea chini kama chemchemi, na yanayopita juu hupita kwa hasira wakati wa mvua. Tarehe 3 Desemba 2023 tuliona hasira hiyo ilivyo, tope na mawe na miti vilipoteremka hadi Katesh na vijiji jirani na kuua zaidi ya watu 80. Korongo linaloweza kufanya hivyo si mahali pa kutafutia changarawe ya mazalio. Na chini ya mlima kunasubiri Balangida, ziwa la chumvi. Hanang tuiondoe kwenye orodha ya trauti bila majonzi.

Basi inabaki Nou, na swali la bwawa au mto.

Kwa bwawa, au kwa usahihi zaidi matangi yanayopitisha maji, kanuni ya wafugaji ni kama lita 5 hadi 10 kwa sekunde kwa kila tani ya trauti. Chukua lita 10: kwa siku ni lita 864,000. Sera ya Maji ya 2002 ililenga lita 25 kwa mtu wa kijijini kwa siku, kwa hiyo mkondo huo ni mgao wa watu 34,560. Mwekezaji atajibu, kwa haki kabisa, kwamba samaki hawanywi maji, yanapita na kurudi mtoni. Ndiyo, yanarudi, yakiwa na kinyesi, mabaki ya chakula na amonia, pengine meta chache juu ya chanzo cha mradi wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, ambao chombo cha maji cha kijiji kinauendesha kwa ndoo za kulipia. Mahali pa matangi ni chini ya chanzo hicho, pakiwa na bwawa la kutulizia uchafu, si juu yake. Kwa masharti hayo sina ugomvi na mtu binafsi. Afuge, auze kwenye hoteli za Karatu, aruhusu mgeni arushe inzi ndani ya bwawa lake akipenda. Shida yake itakuwa chakula: trauti anataka lishe yenye protini asilimia 40 na zaidi, na chakula tunachowapa perege hakifiki hapo.

Asichoweza kufanya ni kumiliki mto. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 imeyafanya maji yote kuwa mali ya umma chini ya dhamana ya Rais. Anayechepusha mkondo anahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, iliyoko Singida. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingoni. Yaani lile banda zuri la kwenye michoro ya wawekezaji, lenye veranda inayoning'inia juu ya maji, limekwishavunja sheria kabla ya mgeni wa kwanza kufungua begi. Ila sote tunajua kwamba asiyeweza kumiliki mto anaweza kumiliki geti la kuufikia, na kwa mwananchi mwenye ndoo au ng'ombe mambo hayo mawili hayana tofauti.

Hanang ina kumbukumbu ya mageti. Mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO, shirika la umma la kilimo, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Canada kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Basotu, Setchet, Mulbadaw na mengineyo, yalikula takriban ekari 100,000, mengi yakiwa malisho bora ya Wabarbaig, na kuziba njia zao za kwenda kwenye maji na kwenye madini ya chumvi ya mifugo. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani 1981, kikashinda Mahakama Kuu, kikashindwa Rufani. Mtu yeyote anayekuja na uzio kando ya maji mkoani humu ajue anazungumza na watu wa namna gani, na kwa nini wanamsikiliza huku wamekunja mikono.

Upande wa pili, wale wa "mto uwe wazi, mwageni samaki, serikali itoe leseni", hatari yao naiona kubwa zaidi. Tangi likishindikana linafungwa. Samaki aliyezaa msituni hafungwi. California, nchi ya asili ya trauti huyuhuyu wa upinde wa mvua, walimwaga trauti kwenye maziwa ya juu ya Sierra Nevada ambayo hayakuwahi kuwa na samaki. Vyura wa milimani wakatoweka ziwa baada ya ziwa, kwani viluwiluwi vilikuwa chakula chepesi. Trauti walipoondolewa kwa nyavu, kwa miaka ya kazi, vyura wakaanza kurudi. Vijito vya Nou navyo vina vyura na samaki wadogo na wadudu wao, na sijaona pendekezo hata moja la trauti lililoanza kwa kuwahesabu.

Nasi tuna funzo la nyumbani lisilohitaji ndege. Sato wa Nile alisambazwa nchini kwa nia njema kabisa, bwawa kwa bwawa, ziwa kwa ziwa. Utafiti uliochapishwa 2019, ulioshirikisha wataalamu wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, ulikuta perege wa kuletwa wametapakaa kwenye mabonde mengi ya mito nchini, mahali pengine wakichanganya damu na wa asili. Bonde letu la ndani, ambalo maji yake hayafiki baharini, lina perege wake, yule wa maziwa ya chumvi ya Manyara na Eyasi, aliyezoea maji ambayo wengine hayawafai. Hatuna wa akiba.

Kwa hiyo msimamo wangu kuhusu trauti ni mwembamba: kwenye matangi yaliyozibwa, chini ya vyanzo vya maji ya watu, sawa, ndani ya vijito vya Nou, hapana.

Lakini inzi bandia hahitaji trauti. Hili ndilo ambalo ziara za mafunzo hazituletei. Kambale wa ziwa Tlawi, kilomita chache tu kutoka Mbulu mjini, au wa Basotu, atakamata inzi mkubwa mweusi akivutwa polepole kando ya matete jua linapozama, na ukimnasa kwa ufito mwepesi utajua umenasa kitu. Perege ni mgumu zaidi: anataka inzi mdogo kabisa na subira, na mvuvi aliyezoea trauti wa bwawani atarudi mtupu. Wageni wanaosafiri kwa ajili ya mchezo huu wengi wao wamekwishavua trauti kwao. Kuja Tanzania kuvua samaki wa Uskoti ni safari ndefu isiyo na sababu.

Kuhusu usimamizi, jirani zetu wa Babati walishalitatua jambo linalofanana na hili kwenye miti. Misitu ya Duru-Haitemba, katikati ya miaka ya 1990, serikali ilitaka kuifanya hifadhi yake; vijiji vikakataa, vikapewa nafasi ya kuilinda vyenyewe kwa sheria ndogo na doria zao, na mfano huo ukaingia kwenye Sheria ya Misitu ya 2002 kama misitu ya vijiji. Kwenye maji tuna chombo cha kuanzia nacho, BMU, vikundi vya usimamizi wa uvuvi, ambavyo mara nyingi vimebaki vya kukagua nyavu. Kikundi cha Tlawi au Basotu kikiruhusiwa kuuza siku za kuvua kwa ufito, kwa ndoano zisizo na chembe, kwa idadi ya wavuvi inayojulikana, na pesa ikabaki kijijini kulipa mlinzi na kupanda miti na majani ukingoni ili tope la mashambani lisiingie ziwani, hapo tutakuwa na maji yenye mwenyewe bila geti. Basotu hasa inahitaji huo ukingo. Makorongo yanayotoka kwenye ardhi iliyolimwa yamelitupia tope kwa miaka mingi.

Na mwekezaji atakayekuja na mpango wa trauti Mbulu, halmashauri imwombe kitu kimoja kabla ya kufungua michoro: vipimo vya joto la maji, saa nane mchana, kila siku ya Oktoba hadi Februari, pale anapotaka kuchimba, na wingi wa maji ya kijito hicho mwisho wa kiangazi. Kipimajoto chenye kurekodi ni bei ndogo kuliko chakula cha mchana cha wajumbe. Akiwa navyo, kikao kiendelee. Akiwa hana, apewe chai, na tarehe ya kurudi iwe Machi.